Kwa nini mawingu ya milimani ni hatari kwa ndege ndogo

Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliondoka Kitale, magharibi mwa Kenya, kuelekea Nairobi. Ilibeba abiria wanane na marubani wawili. Haikufika. Kutokana na ukungu mzito, mabaki yake yalipatikana siku ya pili baadaye katika milima ya Aberdare, na hakuna aliyenusurika.

Haikuwa ajali ya kwanza ya namna hiyo nchini Kenya. Julai 2003, ndege ya kukodi iliyobeba watalii iligonga Mlima Kenya katika kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyokuwa ikiwapeleka wabunge na viongozi wengine katika shughuli ya upatanishi ilianguka Marsabit wakati wa hali mbaya ya hewa, ikaua watu 14 kati ya 17.

Wengi hudhani kwamba katika hali kama hiyo dhoruba ndiyo huivunja ndege angani. Mara nyingi sivyo. Ndege inaweza kuwa nzima, na injini yake ikifanya kazi vizuri, hadi inapogonga mlima ambao rubani hakuuona.

Umbile la nchi huchangia. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko, hupoa, kisha hugeuka mawingu yanayofunika vilele. Viwanja vya ndege vya Nairobi viko chini ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele kirefu zaidi cha Aberdare, kaskazini mwa jiji hilo, kinafikia takriban mita 4,000. Ndege kubwa hupita juu sana ya vilele hivyo. Ndege ndogo nyingi hazina mfumo wa kuongeza mgandamizo wa hewa ndani, hivyo haziwezi kukaa juu kwa muda mrefu bila oksijeni ya ziada. Rubani akishuka mapema ili kukimbia wingu, huenda akawa anaukaribia mlima.

Hatari ya pili imo katika mwili wa binadamu. Asipoona upeo wa macho, rubani hudanganywa na viungo vya sikio la ndani: ndege inapinda, naye anahisi inakwenda sawa. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwazuia kuona nje watu 20 wasio na ujuzi wa kurusha ndege kwa kutegemea vyombo pekee. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178, yaani chini ya dakika tatu.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha njia ya kujiokoa. Baada ya kufundishwa kugeuza ndege kwa utulivu na kurudi walikotoka, karibu wote walifaulu. Leo vipo vifaa vya satelaiti na vya kumwonya rubani kuwa ardhi iko karibu, lakini havichukui nafasi ya uamuzi wa kughairi safari mapema.

Ndiyo maana, kwa kanuni za kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege haulengi kumtafuta wa kulaumiwa bali kuzuia ajali nyingine. Wachunguzi hutazama taarifa za hali ya hewa, mawasiliano na waongoza ndege, mafunzo ya marubani na maamuzi ya kampuni.

Somo hilo linatuhusu pia Tanzania, ambako ndege kama hizo huwasafirisha watu kila siku kwenda Zanzibar, Mafia na Serengeti. Abiria anayemlalamikia rubani kwa kuchelewesha safari, au mwenye kampuni anayehesabu hasara ya safari iliyoahirishwa, humwongezea mzigo mtu ambaye anapaswa kuwa huru kusema: leo haturuki.