Tokyo, Mji Ambako Hadithi Hukatiwa Tiketi

Muuza tambi wa usiku katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, anadai sarafu kumi na sita kwa bakuli. Mteja amesifu kila kitu: taa, mchuzi, hata vijiti vya kulia. Sasa anamhesabia mkononi, moja, mbili, tatu, mpaka nane. Hapo anauliza, "Bwana, saa ngapi sasa?" "Ya tisa," anajibu muuzaji. "Kumi, kumi na moja..." anaendelea mteja, anafikisha kumi na sita na kwenda zake. Sarafu moja imeliwa, na mwenyewe hana habari.

Kuna zuzu mmoja aliyeshuhudia. Kesho yake anataka kufanya vivyo hivyo, ila kwa pupa anatoka mapema mno. Edo ya zamani ilihesabu saa kwa kushuka: ya tisa ilikuwa katikati ya usiku, na iliyoitangulia iliitwa ya nne. Zuzu anahesabu mpaka nane, anauliza saa, anaambiwa, "Ya nne." Naye huyo: "Tano, sita, saba..."

Hiyo ni Toki Soba, hadithi ambayo wapenzi wa rakugo, sanaa ya Kijapani ya kusimulia hadithi za kuchekesha, wanaujua mwisho wake tangu utotoni, na bado wanalipa kiingilio kuisikiliza. Wanalipia namna ya kusimulia. Msimulizi amevaa kimono, amepiga magoti juu ya mto, wala hanyanyuki mpaka amalize. Vifaa vyake ni viwili: kipepeo cha kukunja na kitambaa. Akigeuza uso kushoto ni mteja, kulia ni muuzaji. Kipepeo kilichofungwa kinakuwa vijiti, na anavyofyonza tambi zisizokuwepo, ukumbi mzima unashikwa na njaa.

Ustadi huo haupatikani kwa kipaji peke yake. Kijana huomba kupokewa na mwalimu, na akikubaliwa hupewa jina la ukoo wa kisanii, kama Yanagiya au San'yutei. Huanza akiwa zenza, mtumishi wa nyuma ya jukwaa: anachemsha chai, anakunja kimono za wakubwa, anapiga ngoma, anageuza mto kila msimulizi anapopisha mwenzake. Miaka kadhaa baadaye anakuwa futatsume, na baada ya kama miaka kumi mingine, shin'uchi, mwenye haki ya kufunga onyesho na kuchukua wanafunzi. Kwa desturi mwalimu hatozi ada. Husimulia, mwanafunzi akashika kwa sikio, kisha hadithi haipelekwi jukwaani mpaka aliyeifundisha aridhike. Ni utumwa kidogo, ukiniuliza mimi, lakini ndio uliozifikisha hadithi hizi karne hii.

Tokyo ina kumbi nne za rakugo zenye maonyesho karibu kila siku ya mwaka. Suzumoto ya mtaa wa Ueno ilianza mwaka 1857. Mapato ya mlangoni hugawanywa kwa wasanii, na fungu la kila mmoja ni dogo. Wengi huishi kwa mialiko ya nje na televisheni, ambako kipindi cha Shoten kimewaweka wasimulizi mbele ya taifa tangu mwaka 1966.

Misukosuko haikukosekana. Mwaka 1941, Japani ikiwa vitani, wasimulizi wenyewe walizifungia hadithi 53 za malaya na wazinzi, wakazizika kwa mfano katika hekalu la Honpoji, Asakusa. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, zikarudi jukwaani. Wanawake walisubiri zaidi: wa kwanza kufikia daraja la shin'uchi jijini Tokyo walipandishwa mwaka 1993 tu.

Nionavyo, rakugo haikudumu kwa utamu wa hadithi, maana hadithi tamu zimejaa duniani na nyingi zimekufa na wazee wake. Imedumu kwa sababu kuna ukumbi unaofunguliwa, daraja la kupanda na malipo, hata yakiwa kiduchu. Nawasihi wanaoandaa matamasha ya utamaduni hapa kwetu, wale ambao humpa msimulizi dakika kumi kati ya ngoma mbili na kumshukuru kwa makofi: mlipeni, tena mumpe saa nzima.