Acheni kuwahamasisha watu wa Gasenyi

Swali limenifikia tena mwezi huu, safari hii kutoka kwa mjumbe ninayemheshimu wa baraza la komini, yaani halmashauri ya Burundi: "Tuwahamasishe vipi wananchi ili imani yao kwa komini irudi?" Nimeshaulizwa hivyo kwenye semina, kwenye redio na kwenye ngazi za ofisi, na kila mara maneno ni yaleyale. Kuhamasisha. Kuelimisha. Kufikisha ujumbe. Tangu nianze kufanya kazi na serikali za mitaa katika ukanda huu sijaona halmashauri hata moja iliyorudishiwa imani kwa njia hiyo, na nimechoka kuona fedha za umma zikiteketea humo.

Kosa limo ndani ya swali lenyewe. Linachukulia kwamba mwananchi ndiye mwenye upungufu: hajui, hajaelezwa, au kuna mtu kampotosha. Basi tuwatazame wakazi wa Gasenyi, tuone ni kitu gani hicho wasichokijua.

Gasenyi ni mtaa wa zoni ya Gihosha, kaskazini mwa Bujumbura, mahali ambapo ardhi inaanza kupanda kuelekea vilimani. Ndiko China ilikoijengea Burundi ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyokabidhiwa mwaka 2019. Mkazi wa zamani wa hapo ameshahamishwa kiutawala mara kadhaa bila yeye kuhama nyumba. Hadi 2015 Gihosha ilikuwa komini kamili, moja ya komini 13 za jiji. Ikaunganishwa na Buterere, Cibitoke, Kamenge, Kinama na Ngagara, zikawa komini moja ya Ntahangwa. Halafu sheria ya 2023 ikapunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, ramani iliyoanza kutumika na uchaguzi wa 2025. Kila mara mkazi ndiye aliyehangaika kujua karatasi yake inasainiwa wapi sasa, muhuri unagongwa meza gani, na mfereji ukiziba analalamika kwa nani. Mtu huyo anaijua komini kuliko vipeperushi vyetu.

Komini nayo inamjua vizuri sana. Kila nyumba ina daftari la kaya, na ndani yake yameandikwa majina ya wote wanaolala humo. Mgeni akifika, jina lake linaongezwa. Msako ukipita alfajiri, daftari ndilo linaloulizwa kwanza. Sasa geuza upande wa pili. Kwa miaka kadhaa serikali kuu ilikuwa ikitoa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa kila komini kwa ajili ya miradi ya maendeleo, mbali na kodi na ushuru ambao komini inakusanya yenyewe. Je, kuna daftari lolote ambalo mkazi wa Gasenyi anaweza kulifungua aone sehemu gani ya fedha hizo ilifika mtaani kwake, nani alipewa kazi, na kazi iliisha lini? Komini inajua nani amelala nyumbani kwake, yeye hajui fedha zake zimelala wapi. Huyo hata umhutubie kutwa nzima, kutokuamini kwake kuna sababu, na sababu hiyo ni ya akili timamu.

Nimehudhuria vikao vya uhamasishaji vya kutosha, na vinafanana. Wakubwa wako chini ya hema, wakazi wako juani. Hotuba ya kwanza inamkaribisha msemaji wa pili, wa pili anamshukuru wa kwanza. Mada inaweza kuwa usafi, usalama, kodi au "ushirikiano mwema kati ya wananchi na viongozi". Maswali yanaruhusiwa mwishoni, jua likiwa limeshawachoma watu, na yanachukuliwa mawili au matatu. Mama anasimama kuuliza kuhusu kalavati lililobomoka. Anajibiwa kwamba hoja yake imepokelewa. Imepokelewa na nani, imeandikwa wapi, itajibiwa lini? Hakuna anayesema, na mama anaketi akiwa na imani pungufu kuliko aliyokuja nayo asubuhi.

Chombo kipenzi cha dawa hii ya uhamasishaji ni sanduku la maoni, na hapa naomba mniruhusu nieleze kwa kirefu, maana limeenea mno. Karibu kila mradi wa utawala bora unaopita unaacha sanduku. Ni la mbao, limepakwa vanishi, lina kufuli dogo na tundu juu, na limetundikwa pembeni ya mlango wa ofisi. Litazame kwa makini. Mlinzi ameketi hatua mbili kutoka hapo, kwa hiyo kila anayetumbukiza karatasi anaonekana. Kalamu haipo wala karatasi haipo, kwa hiyo lazima uwe umeandika nyumbani, kwa mwandiko wako, katika mtaa ambao watu wanajuana kwa mwandiko tangu shule ya msingi. Ufunguo unakaa na katibu, na katibu anafanya kazi chini ya mkubwa yuleyule anayelalamikiwa. Hakuna tarehe ya kulifungua. Hakuna anayetakiwa kuhesabu karatasi zilizomo mbele ya mashahidi. Jibu halina mahali pa kutokea, kwa sababu sanduku lina tundu la kuingizia tu.

Wanaolitetea huniambia kwamba walau ni mwanzo. Hapana, ni hatua ya kurudi nyuma. Mkazi ambaye hakuwahi kuandika anaweza bado kudhani kwamba angesikilizwa kama angesema. Aliyeandika akanyamaziwa hana tena dhana hiyo, na anawaeleza majirani. Ukitaka kupima sanduku lolote, nenda uombe orodha ya maoni yaliyopokelewa katika miezi mitatu iliyopita na hatua iliyochukuliwa kwa kila moja. Nimeomba orodha hiyo katika ofisi nyingi. Nimepewa chai, nimepewa ripoti ya semina, orodha sijawahi kupewa. Siku hizi sanduku limehamia kwenye simu: kundi la WhatsApp la mtaa, limefungwa ili wasimamizi pekee waweze kutuma. Matangazo yanashuka, hakuna kinachopanda.

Kwa nini basi dawa isiyoponya inaendelea kununuliwa? Kwa sababu ni rahisi kuitolea hesabu. Kikao cha uhamasishaji kina orodha ya waliohudhuria, picha, posho na maji ya chupa. Ripoti inaandikwa kwamba watu kadhaa "wamefikiwa", na mfadhili anafurahi. Kuweka wazi hesabu za komini hakuna posho, na kunaweza kumwudhi mtu mwenye nguvu. Mwanafalsafa Onora O'Neill alilieleza jambo hili vizuri katika hotuba yake ya TED ya mwaka 2013: lengo la kuongeza imani, peke yake, ni lengo bovu, kwa sababu hata tapeli anataka kuaminiwa. Cha maana ni kuwa mtu wa kuaminika, kisha kuwapa watu ushahidi wanaoweza kuukagua wenyewe ili waamue.

Ushahidi wa namna hiyo unafanyaje kazi? Twende Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa inazipelekea shule za msingi kwa kila mwanafunzi. Kati ya 1991 na 1995, wastani wa asilimia 13 tu ndio uliofika shuleni, na shule nyingi hazikupata kitu. Nyingine ilinaswa njiani, wilayani. Serikali haikwenda kuwahamasisha wazazi waziamini wilaya. Ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kiasi kilichofika kilikuwa karibu asilimia 80. Wapo wataalamu waliosema baadaye kwamba sifa zote zisipewe magazeti, kwa kuwa wizara ya fedha nayo ilikuwa imekaza usimamizi wakati uleule. Nakubaliana nao, na hoja yao inanisaidia: kuweka wazi kunafaa pale ambapo kuna mtu wa juu anayeogopwa na mtu wa chini anayeweza kuuliza. Ukuta ukibandikwa takwimu na muulizaji akatishwa, tumerudi kwenye sanduku.

Tanzania ina somo jingine. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na desturi imejengeka kwamba hapo husomwa mapato na matumizi. Vijiji vingi huruka mikutano hiyo, hilo halifichiki. Lakini wanakijiji wanajua kwamba kusomewa ni haki yao. Mwenyekiti asiyesoma mapato na matumizi hukataliwa mkutanoni, tena kwa kelele, na sababu inatajwa wazi. Mjini Bujumbura sijasikia mkuu wa mtaa akidaiwa kitu kama hicho. Si kwamba watu hawajali. Hawajawahi kupewa kitu cha kudai.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Warundi wamewaamini bashingantahe, wazee wa busara wanaoamua mashauri, kwa karne nyingi bila semina yoyote. Mshingantahe alisimikwa hadharani, kwa kiapo, mbele ya jamii iliyokuwa imemchunguza kwa muda mrefu. Shauri la shamba au la ng'ombe lilisikilizwa wenye kesi, mashahidi na majirani wakiwa wote wameketi, na uamuzi ukatangazwa mbele ya watu walewale waliosikia ushahidi. Uamuzi usiolingana na ushahidi, kila mtu aliweza kuuona. Aliyepokea rushwa alijulikana, akapoteza heshima yake. Imani ile ilikuwa na kazi ya kukagua ndani yake.

Nikipewa hoja kwamba haya ni ya kitabuni, nawakumbusha usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014. Mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe kutoka vilima vya mashariki hadi mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Buterere. Watu zaidi ya 60 walikufa. Mabonde yaliyopitisha maji hayo bado yanakatiza kaskazini mwa jiji, na mvua haijaacha kunyesha. Siku mkuu wa mtaa atakapopita jioni kusema tokeni bondeni sasa hivi, kaya itakuwa na dakika chache za kuamua kama anasema kweli au anatafuta kiwanja. Jibu lake litatokana na mambo madogo ya miaka iliyotangulia: risiti aliyopewa au aliyonyimwa, kalavati lililojengwa au lililoahidiwa tu.

Sasa, cha kufanya. Nitakwenda haraka kwa sababu hakuna fumbo hapa. Hesabu za komini zibandikwe kila mwezi katika ofisi ya zoni na kwa mkuu wa mtaa, kwa Kirundi na Kiswahili, mradi kwa mradi, zikitaja mtaa, kiasi, jina la aliyepewa kazi na tarehe ya kumaliza. Jumla ya komini nzima haimsaidii mtu wa Gasenyi. Kila faranga inayopokelewa itolewe risiti yenye namba, na msimamizi wa ushuru asiye na kitabu cha risiti asilipwe na mtu. Malalamiko yaandikwe kwenye rejista, mlalamikaji apewe namba na siku ya jibu, na jibu la "hatuwezi, kwa sababu hii" lihesabiwe kuwa ni jibu. Kazi za pamoja za Jumamosi zipangwe na wakazi wenyewe, waanze na mfereji wanaouona wao kuwa hatari. Ng'ambo ya mto Rusizi, Kivu ya Kusini nchini Kongo, wakazi wa baadhi ya maeneo walichagua miradi ya bajeti wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakipashwa habari kwa ujumbe wa simu; musitanteri, yaani msimamizi wa komini, anaweza kuanza na sehemu ndogo ya fedha za miradi. Mkutano wa chama usifanyike katika ofisi ya mtaa, wala cheti kisicheleweshwe kwa sababu ya kadi ya chama. Katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilitwaa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura katika Bunge. Nguvu ikiwa upande mmoja kiasi hicho, jicho la mkazi ndilo la kutegemewa, kwa hiyo vikao vya baraza vitangazwe siku saba kabla na mlango uachwe wazi.

Na kuhusu kubomolewa nyumba, jambo ambalo ndilo linalowanyima watu usingizi Gasenyi. Katiba inasema mtu hanyang'anywi mali yake, pasipo hukumu ya mwisho ya mahakama, ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki inayotangulia. Inayotangulia. Mkazi akiamka akakuta alama nyekundu ukutani kwake, anapaswa kuonyeshwa siku hiyohiyo karatasi inayotaja mradi, ramani, thamani iliyokadiriwa, jina la aliyekadiria na mahali pa kukata rufaa. Komini isiyoweza kuonyesha karatasi hiyo isimtume mtu na kopo la rangi.