Makengeza na Mshipa Usiokuwapo

Neno makengeza, lenye uhusiano na kitenzi kukengeza, ni neno la sura: hutaja macho mawili yasiyoelekea pamoja, wala halisemi lolote juu ya asili ya kasoro hiyo. Kwa mazungumzo ya kila siku latosha. Kwa mfasiri wa vitabu vya utabibu halitoshi, na mfano mmoja utadhihirisha sababu.

Mwaka 1905 Alexander Duane, tabibu wa macho wa New York, alieleza habari za wagonjwa 54 wenye kasoro ya kuzaliwa. Jicho, mara nyingi la kushoto, lilishindwa kugeukia upande wa sikio. Na lilipogeukia upande wa pua, lilirudi ndani ya tundu lake na kope zikakaribiana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba msuli wa kando umekakamaa. Uchunguzi wa maiti uliotangazwa 1980 na 1982 ulionyesha jambo jingine: mshipa wa fahamu wa sita, utokao katika shina la ubongo kuuamrisha msuli huo, haukuwapo. Mahali pake palishikwa na tawi la mshipa wa tatu, ambao ndio uongozao msuli wa upande wa pua. Hivyo misuli miwili hupokea amri moja, ikavutana, na jicho likarudi nyuma.

Tangu 1998 upungufu huo umeonekana kwa watu walio hai. Mashine ya sumaku hupiga picha za vipande vyembamba vya kichwa. Maji yazungukayo ubongo hung'aa, na mshipa huonekana kama uzi mweusi ukatizao mng'ao huo. Katika namna ya kwanza ya hali ya Duane uzi huo mara nyingi haupo; katika namna ya pili kwa kawaida upo.

Basi mzazi akiambiwa kwamba msuli wa mtoto umelegea, atangoja mazoezi yauponye, na mtoto atakemewa kwa kugeuza shingo, naye aigeuza ili macho yake yaone pamoja. Upasuaji waweza kuhamisha misuli na kuinyosha shingo. Hauwezi kuumba mshipa. Tena wako wenye hali hii ambao, watazamapo mbele, macho yao yamenyoka sawasawa. Kuwaita wenye makengeza si kweli.

Mnamo 2002 wataalamu wa fani hii waliziunganisha hali za jamii hii chini ya jina litajalo mishipa, si misuli. Nasi twaweza kuliacha makengeza liwe jina la sura, na hali hizi tuziite hitilafu za kuzaliwa za mishipa iongozayo macho. Jina ni refu, lakini halimdanganyi mzazi.