Siku ya kwanza Mwanza, msiwakimbize watoto

PESA ya pamba ikiingia na shule zikifungwa Juni, kuna familia za Bariadi zinazopanga safari ya Mwanza. Basi likifika Lamadi, watoto wanaliona ziwa kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo ni maswali tu mpaka Magu.

Kosa huanzia stendi ya Nyamhongolo. Baba anataka siku hiyo hiyo waone jiwe la Bismarck, wapande boti ya Saanane, tena wapitie sokoni kutafuta kitenge. Mtoto wa miaka 5 aliamshwa saa 10 alfajiri! Alasiri analia, mama amenuna, na hela ya siku 2 imeishia kwenye bajaji na soda.

Saanane haihami. Ndiyo hifadhi ya Taifa ndogo kuliko zote nchini, na kwa boti ni dakika chache. Iacheni kesho asubuhi. Leo kuleni sato, laleni mchana, jioni mtembee kando ya ziwa.

Hapo kando ya ziwa ndipo pa kuwa mkali. Mtoto aliyezoea mito inayokauka kiangazi ataona maji mengi na kuvua viatu. Mzazi wa Bariadi anakijua kichocho cha malamboni, kile cha kukojoa damu. Cha ziwani ni cha tumbo, huharibu ini polepole, na vimelea hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Akiponyoka akaingia, mkirudi nyumbani mweleze daktari, apimwe kinyesi baada ya miezi 2 hivi, hata kama anacheza vizuri tu.