Mashine ya Ozoni na Harufu ya Popo

Robo mwaka iliyopita kamati ya usharika mmoja ilituletea ombi la kununuliwa mashine ya ozoni kwa ajili ya chumba cha akina mama wanaosubiri kujifungua katika zahanati yao. Popo wamejaa darini, na harufu imewafanya baadhi ya akina mama warudi kusubiri nyumbani, mbali na mkunga. Marafiki zetu wa ng'ambo walikuwa tayari kulipia. Nasi ofisini tulikwisha kuiingiza kwenye bajeti kabla ya kusoma vizuri, tunakiri hilo.

Ozoni ni aina ya oksijeni. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii. Ikikutana na chembechembe za harufu huziunguza, kama moto usioonekana. Kitendo hicho huitwa oksidisho, na ndicho kinachofanywa pia na jiki sakafuni. Ni kweli kwamba huondoa harufu nyingi. Lakini ozoni haichagui. Mapafu nayo huumia: mtu hukohoa, kifua hubana, na mwenye pumu huzidiwa.

Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira limeeleza kwamba ozoni, ikiwa katika kiwango kisichodhuru watu, ina uwezo mdogo sana wa kusafisha hewa ya ndani. Kwa hiyo ama mashine haitusaidii, ama inatuumiza. Tena amonia, ambayo ni sehemu kubwa ya ule ukali wa mkojo wa popo, haivunjwi kirahisi na ozoni. Na ozoni ikikutana na manukato ya dawa za usafi zenye harufu ya limau, hutokea fomaldehidi, ambayo ni sumu. Mashine hizi zina kazi yake katika nyumba iliyoungua, watu wakiwa nje, kisha madirisha yakafunguliwa. Chumba cha wajawazito hakiwi kitupu.

Tumewaandikia wafadhili, nao wamekubali fedha ziende kwenye dari. Popo waachwe watoke jioni, ndipo matundu yazibwe kwa wavu. Lakini si wakati wana watoto, maana watafia humo na harufu itazidi. Kinyesi kinyunyiziwe maji kabla ya kuzolewa, na wazoaji wavae barakoa, kwa kuwa vumbi lake huweza kubeba kuvu wa ugonjwa wa mapafu. Mbao zilizolowa mkojo zitolewe kabisa. Sakafu ioshwe kwa maji mengi na sabuni, isuuzwe, ndipo jiki ifuate, kwa sababu jiki ikichanganyika na mkojo hutoa gesi inayokaba. Kisha litobolewe dirisha la pili, mkabala na lile lililopo.

Kamati nyingine zenye shida hii zituletee vipimo vya dari na idadi ya madirisha pamoja na ombi.