Mkupuo wa askari: bei yake ni ipi?

Mtama, kwenye barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, fedha taslimu huingia kwa misimu. Ufuta huleta za katikati ya mwaka, mbaazi hufuatia, na korosho huleta za mwisho wa mwaka. Ipo fedha nyingine isiyosubiri mvua: kiinua mgongo cha mtumishi anayestaafu na kurudi kwao. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huipata habari hiyo mapema, mara nyingi kabla ya majirani wa mstaafu mwenyewe.

Kwa sababu hiyo mabadiliko ya kikokotoo cha mafao yanamhusu pia mfanyabiashara wa bati, saruji na pikipiki. Kundi ambalo manung'uniko yake yamesikika sana tangu mwaka 2018 ni la askari, hasa wa Polisi na Magereza.

Ieleweke kwanza ni askari gani wanaozungumziwa. Wanajeshi wa JWTZ hawakuwekwa katika mifuko ya kuchangia. Mafao yao hulipwa na Hazina. Askari Polisi na Magereza walikuwa wanachama wa mfuko wa PSPF, pamoja na walimu na watumishi wengine wa Serikali Kuu. Mwaka 2018 mfuko huo uliunganishwa na LAPF, PPF na GEPF ukazaliwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Hapo ndipo hesabu zilipobadilika.

Tuchukue askari wa mfano. Amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara unaotumika katika hesabu ni sh. 900,000 kwa mwezi, sawa na sh. 10,800,000 kwa mwaka.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi yake ya kazi iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka ni sh. 7,200,000. Nusu yake iligeuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 15.5. Askari huyo alitoka na hundi ya sh. 55,800,000, na kila mwezi akapokea sh. 300,000.

Kanuni za 2018 ziligawanya miezi kwa 580, mkupuo ukawa robo tu ya pensheni, na kizidisho kikashuka hadi 12.5. Askari yule yule angepata mkupuo wa karibu sh. 20,950,000 na pensheni ya karibu sh. 419,000 kwa mwezi. Ni kweli kwamba pensheni ya mwezi ilipanda. Lakini aliyekwisha kupiga hesabu ya nyumba ya milioni 50 hawezi kufarijiwa na nyongeza ya sh. 119,000 kwa mwezi.

Vyama vya wafanyakazi vilipinga. Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wao Ikulu, Dar es Salaam, akaagiza vikokotoo vya awali viendelee kutumika hadi mwaka 2023. Julai 2022 ikaja kanuni ya maridhiano: mkupuo wa asilimia 33 kwa wote, mgawanyo wa 580 na kizidisho cha 12.5. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ilitangaza kuwapandisha hadi asilimia 40 wale walioshushwa kutoka asilimia 50, na hadi asilimia 35 wale ambao zamani walikuwa kwenye asilimia 25.

Kwa nini askari hulalamika kuliko wengine? Hoja yao kubwa ni nyumba. Askari huishi kota au kambini na huhamishwa mara kwa mara, leo Liwale, keshokutwa Kigoma. Mwalimu aliyekaa kijiji kimoja miaka 15 huweza kujenga polepole, tofali kwa tofali. Askari anapovua sare hurudisha na ufunguo wa nyumba. Kwake mkupuo ndio paa.

Hoja ya pili ni umri. Anayestaafu akiwa na miaka 60 hujiuliza ataishi muda gani kuifaidi pensheni ya mwezi. Ya tatu ni thamani ya shilingi. Waliokuwa kazini mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakumbuka mfumuko wa bei uliozidi asilimia 20 kwa mwaka na jinsi malipo yasiyobadilika yalivyoyeyuka. Kasi hiyo imeshuka sana, mwaka 2024 ilikuwa karibu asilimia 3, lakini kumbukumbu haishuki kwa takwimu.

Hoja hizi zote ni za kibinadamu. Mfanyabiashara ana swali lake: mkupuo unauzwa bei gani? Maana mstaafu anapochukua mkupuo anauza kipande cha pensheni yake, na kila kinachouzwa kina bei.

Bei yenyewe ni kile kizidisho. Mara 12.5 maana yake ni kwamba kwa kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka anayoiachia, askari hupewa sh. 12.50 taslimu. Zamani alipewa sh. 15.50. Katika malumbano yote ya tangu 2018 watu wamepigania asilimia, 25, 33, 50, na wachache wamekitazama kizidisho. Lakini kushuka kutoka 15.5 hadi 12.5 ni kushushiwa bei kwa karibu asilimia 20, hata kama asilimia ya mkupuo isingeguswa.

Turudi kwa askari wetu. Kwa asilimia 33 anapata mkupuo wa karibu sh. 27,650,000 na pensheni ya sh. 374,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 40, mkupuo ni sh. 33,517,000 na pensheni sh. 335,000. Ameongezewa karibu sh. 5,865,000 mkononi, amepunguziwa karibu sh. 39,100 kwa mwezi, yaani sh. 469,000 kwa mwaka. Akikaa na fedha hizo bila kuzizalisha, itamchukua miaka 12 na nusu kufikia mahali ambapo angekuwa bora na pensheni. Aliyestaafu na miaka 60 atakuwa na 72 na nusu.

Asipokaa nazo bure, hesabu inageuka. Mwezi Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani za Serikali za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Viwango vya minada hupanda na kushuka, kwa hiyo tutumie hicho kilichoshushwa. Askari aliyenunua kwa thamani kamili hatifungani za sh. 5,800,000 kwa riba ya asilimia 12.10 angelipwa karibu sh. 702,000 kwa mwaka, dhidi ya sh. 469,000 alizoziachia. Na mtaji wenyewe upo, hurudi muda ukiisha, na yeye akitangulia unarithiwa.

Kwa hiyo askari wanaodai mkupuo mkubwa hawajakosea hesabu, kama wengine wanavyopenda kusema. Kwa bei ya 12.5, na kwa riba za namna hiyo, kuuza sehemu ya pensheni kulikuwa na faida kwa mtu mwenye nidhamu ya kununua hatifungani. Sharti hilo la mwisho ndilo zito.

Mfano wa kinyume upo Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya vita baridi, jeshi la huko lilipunguza watu kwa kuwapa walioondoka kwa hiari njia mbili. Ya kwanza ilikuwa malipo ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya mshahara kwa kila mwaka wa kazi, yakiendelea kwa muda ulio mara mbili ya miaka waliyotumikia. Ya pili ilikuwa mkupuo wa asilimia 15 ya mshahara kwa kila mwaka wa kazi. Gawanya 15 kwa 2.5 utapata 6. Mwanajeshi mwenye miaka 10 kazini alitakiwa kuuza malipo ya miaka 20 kwa bei ya miaka sita.

Wachumi John Warner na Saul Pleeter walichunguza chaguo za wanajeshi wapatao 65,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Zaidi ya nusu ya maofisa na zaidi ya asilimia 90 ya askari wa vyeo vya chini walichukua mkupuo, ingawa kuukataa kulikuwa sawa na kupata riba ya zaidi ya asilimia 17 kwa mwaka. Serikali yao iliokoa karibu dola bilioni 1.7.

Wa Marekani waliuza kwa 6, wa Tanzania wanauza kwa 12.5, na wote wanataka taslimu. Hamu ni ile ile, bei ndiyo tofauti. Kama siku moja kizidisho cha PSSSF kitashushwa tena, tuseme hadi kukaribia 6 ya Marekani, kelele za kudai asilimia kubwa zaidi zinaweza kuwa za kudai hasara.

Lakini kuna jambo ambalo jedwali la riba haliwezi kulipima, nalo ni imani. Kusini wanalijua. Mahiwa, ndani ya Mtama, ndipo palipopiganwa vita vikali vya Oktoba 1917 kati ya Wajerumani na Waingereza. Askari Waafrika waliobaki wa jeshi la Wajerumani walilipwa malimbikizo yao mwaka 1964, na Serikali ya Ujerumani Magharibi, kwa wale waliokuwa bado hai. Karibu zaidi na leo, Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa sh. 3,300 kwa kilo na JWTZ likaingia kazini kuisomba. Bei ilikuwa nzuri. Wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi kadhaa, huku uhakiki ukiendelea. Mtu wa huku akiambiwa atalipwa kidogo kidogo hadi mwisho wa maisha, ana haki ya kuuliza mara mbili.

PSSSF yenyewe ilirithi mzigo. PSPF ilianza mwaka 1999, ikawa inalipa mafao hata kwa miaka ya utumishi ya kabla ya hapo ambayo hakuna aliyeichangia. Deni hilo la Serikali lilifikia matrilioni ya shilingi. Desemba 2021 Serikali ilitoa kwa mfuko huo hatifungani maalum ya zaidi ya sh. trilioni 2 kulipunguza. Ndiyo sababu halisi ya kikokotoo kupunguzwa: ahadi ya mara 15.5 haikuwa na fedha nyuma yake.

Kwa soko la Mtama, nyongeza ya 2024 ina pande mbili. Muuza bati anapata mteja mwenye karibu milioni sita zaidi mara moja. Muuza unga anayekopesha hadi mwisho wa mwezi anapata mteja mwenye sh. 39,000 pungufu kila mwezi, na benki inayokopesha wastaafu kwa dhamana ya pensheni nayo inakuta dhamana imepungua.

Hatari kubwa iko kwa mstaafu anayeingia biashara asiyoijua. Kila msimu wapo wanaomnong'oneza mwenye fedha taslimu aingie kangomba, amkopeshe mkulima mwenye shida Agosti ili alipwe korosho Oktoba. Faida inayotajwa ni kubwa kuliko hatifungani yoyote. Biashara hiyo imepigwa marufuku, korosho hupita vyama vya msingi na maghala, na aliyekopesha nje ya utaratibu hana pa kushitaki mkulima asipomlipa. Askari mstaafu, kati ya watu wote, ndiye wa mwisho anayepaswa kukutwa ghalani na gunia la namna hiyo.

Hatifungani za Serikali hununuliwa katika minada ya Benki Kuu kupitia mabenki na madalali wenye leseni, kuanzia sh. milioni moja, na huweza kuuzwa kabla ya muda katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anayeuza wakati riba za minada mipya zimepanda hupata pungufu ya alichonunulia. Mstaafu anayehitaji paa mwaka huu huu anunue bati kwanza.