UNGEMKATIA LAAZIZI KIPANDE CHA INI?

Msomaji wangu, weka pembeni maneno ya kukata maini. Leo nazungumzia ini lenyewe, linalokatwa kwa kisu. Huyo unayemwita laazizi, ungempa kipande?

Usicheke. Ini likiharibika kabisa, kwa homa ya ini au kwa gongo, hakuna mashine ya kufanya kazi yake miaka nenda rudi kama ile ya figo. Dawa inakuwa moja: kuwekewa jingine. Nalo linatoka kwa marehemu, au kwa mtu mzima wa afya anayekubali kukatwa kipande.

La marehemu ndilo lililotangulia. Dk. Thomas Starzl wa Marekani alianza kujaribu mwaka 1963, akafanikiwa mwaka 1967. Kipande cha mtu hai kilijaribiwa Brazil mwaka 1988, na mwaka 1989 kule Australia mama alimpa mwanawe, kikakubali.

Nani anaishi zaidi? Kwenye hospitali kubwa zenye uzoefu, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 huvuka mwaka wa kwanza, na 7 au zaidi huvuka mitano. La marehemu na la aliye hai hayapishani sana. La aliye hai husumbua zaidi kwenye mirija ya nyongo, ila halingoji mtu afe. Na ini, bwana wee, linaota! Ukikatwa hata nusu, baada ya miezi michache linakaribia ukubwa wake wa zamani.

Lakini si mchezo. Kati ya watu 1,000 wanaotoa kipande kikubwa, wawili hadi watano hufa. Mtu kaingia kwa miguu yake, hana hata mafua, anatoka kwenye jeneza.

Kusubiri nako kunaua. Mwaka 2017, katika hospitali ya Wits Donald Gordon, Johannesburg, mtoto mdogo alishangoja ini la marehemu siku 181. Mama yake alikuwa tayari kutoa lake, lakini alikuwa na virusi vya Ukimwi na mtoto hana. Madaktari wakapima: afe sasa, au aishi akimeza vidonge? Wakakata. Mwaka uliofuata walitangaza kuwa mama na mtoto wako salama. Sisi wa Kagera, mkoa ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini mwaka 1983, tunajua uzito wa uamuzi ule.

Sasa twende kwetu. Ukitoka Ngara au Biharamulo, rufaa ni Bugando, Mwanza, kisha Dar. Figo zilianza kupandikizwa Muhimbili Novemba 2017, na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Ini wagonjwa wetu wamekuwa wakilifuata India. Huko mgeni anatakiwa aende na ndugu yake wa kumkatia, na undugu wenyewe uthibitishwe kwa makaratasi. Wewe uliyezaliwa kijijini na cheti hukukata, unakwama mlangoni.

Baba yangu mkubwa yalimkuta hayo. Kikao cha ukoo kikakaa Ngara, watu kama thelathini, macho yote kwa kitinda mimba wake.

"Wewe ndiye mwenye damu changa," shangazi akamwambia. "Baba yako afe unatazama?"

"Sijakataa, shangazi. Niacheni nilale nalo."

Asubuhi akasema ndiyo. Ng'ombe wakauzwa, michango ikaanza. Vipimo vikamaliza maneno: kijana naye ana virusi vya homa ya ini B. Hafai kutoa. Mzee tulimzika kabla mwezi haujaisha, na kijana sasa anahudhuria kliniki.

Bado kile kikao kinaniuma. Mtu haombwi ini mbele ya watu thelathini. Hospitali makini humhoji mtoaji peke yake, na akisita, ukoo huambiwa tu kwamba hafai, basi. Anarudi nyumbani na heshima yake. Wazee wetu wangeweza kufanya hivyo hivyo: mwiteni pembeni, mtu mmoja, bila machozi ya kumshurutisha.

Nanyi vijana wa mjini, msingoje kikao. Chanjo ya homa ya ini B walianza kupewa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Ulizaliwa kabla? Huenda hukuipata. Virusi vyake hupita njia zile zile za Ukimwi: damu, ngono, mama kwa mtoto. Pima. Ukikutwa huna, choma sindano tatu ndani ya miezi sita. Ukikutwa navyo, anza kliniki mapema, na gongo uliage.

Na laazizi? Mshike mkono mkapime wote. Akikataa sindano, hilo ini atakuja kukuomba kwa uso gani?